Ufukwe mtulivu mara nyingi ndio mchafu, na ule safi ndio unaovuta watu: tujadili

#1 Bamvua (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Likizo ikikaribia tu, swali lile lile linarudi humu: "Ufukwe upi maji yake ni safi na salama?" Na watu hujibu kana kwamba wameulizwa jambo moja. Ni mambo mawili, na kwenye pwani za joto jibu la la kwanza mara nyingi linagongana na jibu la la pili. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke.

Usafi wa maji huamuliwa na nchi kavu: mto unaomwaga hapo, mtaro wa mvua, mashimo ya vyoo yaliyochimbwa karibu na mchanga, mifugo, mashua zilizotia nanga. Usalama wa kuogelea huamuliwa na mwendo wa maji yenyewe: mawimbi, kupwa na kujaa, milango (mapengo) kwenye mwamba, mashimo chini ya mchanga.

Sasa tazama ghuba iliyojikunja ndani, maji yametulia kama ya beseni. Mtoto anasimama, hakuna wimbi, kila mzazi anaipenda. Lakini maji hayo yametulia kwa kuwa hayabadilishwi. Kinachoingia humo kinakaa humo, na mara nyingi ghuba za namna hiyo ndizo zenye kijito au mtaro unaoishia pembeni. Upande wa pili wa rasi kuna ufukwe ulio wazi, mawimbi yanapasuka mchana kutwa, maji yanabadilishwa muda wote na yakipimwa yanapendeza. Huko ndiko mkondo unakochukua watu.

Kwa hiyo mtu akiniambia "nenda pale, maji safi kabisa", namuuliza yanaenda wapi.

Kuhusu kupima, kwa kifupi. Maabara haitafuti kila ugonjwa, haiwezekani. Inatafuta bakteria wa utumboni waitwao enterokoki, kama shahidi kwamba kinyesi kimepita hapo. Kwa bahari wanapendelewa kuliko E. koli, bakteria wengine wa kinyesi, kwa sababu wanavumilia chumvi. Shirika la Afya Duniani lina madaraja: asilimia 95 ya sampuli zisipozidi enterokoki 40 kwa mililita 100, uwezekano wa kuugua tumbo kwa kuogelea mara moja ni chini ya asilimia 1. Kati ya 41 na 200, ni asilimia 1 hadi 5. Kati ya 201 na 500, asilimia 5 hadi 10. Ukivuka 500, ni zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi.

Ila kuna mtego. Sampuli inaoteshwa maabara kwa takriban saa 24 kabla ya kuhesabiwa. Ubao ukiandikwa leo "maji yanafaa", unazungumzia maji ya jana, na maji ya jana yameshaondoka na kupwa mara mbili. Zipo njia za kusoma vinasaba zinazotoa jibu ndani ya saa chache, lakini zinahitaji mashine na mtaalamu, na fukwe nyingi hazina.

Karibuni.

---

#2 Mbishi_Halali

Mkuu, kwa heshima zote, hivi vipimo ni vya kutishia watu. Bahari ina chumvi, chumvi inaua vijidudu, na bahari ni kubwa. Mtaro mmoja utaichafua vipi? Nimeogelea tangu utoto na sijawahi kulazwa kwa ajili ya maji ya bahari.

---

#3 Bamvua

Karibu Mbishi, nilijua utafika.

Chumvi inasaidia, ila mchinjaji mkubwa wa vijidudu baharini ni jua. Kwenye maji angavu, jua la utosi linaweza kuua sehemu kubwa ya bakteria wa kinyesi ndani ya saa chache. Usiku hakuna jua, ndiyo maana ufukwe ule ule ukipimwa alfajiri huonyesha idadi kubwa kuliko ukipimwa alasiri. Wanaopenda kuogelea kabla ya jua kuchomoza kando ya mdomo wa mto, hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote. Maji yakiwa na tope, jua halipenyi, na uchafu unaishi zaidi. Virusi nao ni wagumu kuliko bakteria: wanaweza kubaki hai baada ya bakteria tunaowahesabu kufa. Hapo shahidi wetu ameshaondoka na mhalifu bado yupo.

"Bahari ni kubwa" ni kweli, lakini wewe huogelei kwenye bahari kubwa. Unaogelea kwenye ukanda mwembamba wa ukingoni, na maji ya ukingoni hayachanganyiki haraka na ya kule nje. Yanateleza sambamba na pwani. Mtaro unaweza kumwaga hapa, na wanaougua wakawa waliokuwa ufukwe wa jirani.

Mifano ipo. Machi 2006, baada ya wiki kadhaa za mvua, bomba kuu la maji taka lilipasuka Honolulu, na takriban galoni milioni 48 zikaingia kwenye mfereji wa Ala Wai unaomwaga baharini jirani na Waikiki. Fukwe zikafungwa, na bahari ya pale ndiyo hiyo Pasifiki yenyewe, hakuna kubwa kuliko hiyo. Boracay kule Ufilipino, kisiwa ambacho mchanga wake mweupe uko kwenye kila kalenda, serikali ilikifunga kwa wageni kuanzia 26 Aprili hadi 26 Oktoba 2018 kwa sababu ya maji taka yaliyoelekezwa baharini. Anayetazama picha zake asingedhani.

Kutolazwa kwako sikupingi. Wengi wanaougua kwa maji ya ufukweni huharisha siku mbili, au sikio linauma, na lawama zote anapewa mpishi.

---

#4 Mbishi_Halali

Hiyo ya mpishi imenigusa. Endelea.

---

#5 MamaWawili

Kaka Bamvua, mimi nina wawili, wa miaka minne na wa saba. Umesema ghuba tulivu ni chafu na ufukwe wazi unavuta. Sasa nikae nyumbani? Nieleze mzazi achague nini, maana mdogo hata haogelei, anakaa ukingoni anachimba mchanga na kula nusu yake.

---

#6 Nesi_Mstaafu

Dada MamaWawili, kabla hajakujibu, nianze na huo mchanga maana watu huusahau.

Mchanga wenye unyevu pale ukingoni hushika bakteria kuliko maji yaliyo mbele yake. Jua haliufiki kwa ndani, na kila wimbi linaleta kitu kipya. Mtoto anayechimba na kutia vidole mdomoni anaweza kupata dozi kubwa kuliko kaka yake anayeogelea. Dawa yake ni rahisi: maji safi na sabuni kabla ya kula chochote, na asizikwe kwenye mchanga kama ana vidonda.

Mchanga mkavu wa juu, usiofikiwa na maji kujaa, una shida nyingine. Mbwa na paka wakijisaidia pale, viluwiluwi vya minyoo yao vinaweza kupenya ngozi ya binadamu na kutambaa chini yake, unaona mstari mwekundu unaopinda na kuwasha vibaya usiku. Mtandikie nguo nene, au mkae kwenye mchanga unaooshwa na bahari kila siku. Huo mstari ukitokea usipake mafuta ya taa wala usichome kwa sindano. Nenda zahanati, dawa zipo na zinafanya kazi.

Na swali ambalo nimeulizwa miaka yote: kichocho. Baharini hakuna kichocho cha binadamu. Konokono wake anaishi maji baridi yasiyo na chumvi. Lakini kijito kinachokatiza mchangani na kutengeneza kidimbwi kabla ya kuingia baharini, kile ambacho watoto hukipenda kwa kuwa hakina wimbi, hicho si bahari. Kinaweza kuwa na konokono, na karibu kila mara kina uchafu wa huko juu kilikotoka. Kwa watoto wadogo, hicho kidimbwi ndicho cha kukataza kwanza.

---

#7 Bamvua

Asante Nesi. Hilo la kidimbwi lingetosha uzi wake.

MamaWawili, usikae nyumbani. Usichague ufukwe tu, chagua na saa. Ukijua saa, ghuba tulivu inaweza kukufaa, na ufukwe ulio wazi unaweza kukupa nafasi.

Saa ya kwanza ni ya mvua. Mvua kubwa husomba kila kilichokuwa barabarani, mitaroni na kwenye vyoo vilivyofurika, na kukileta baharini. Ushauri unaotumika sehemu nyingi duniani ni kusubiri siku mbili hadi tatu baada ya mvua kubwa, na zaidi kama ni ghuba isiyopitisha maji. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi kirefu ndiyo mbaya kabisa, kwa sababu inaosha uchafu wa miezi. Katikati ya masika mvua kama ile ile hukuta mitaro imeshaoshwa, ingawa vyoo ndiyo kwanza vinafurika. Usiangalie mvua iliyonyesha ufukweni peke yake. Kama kuna mto, angalia mvua ya huko bara unakotoka.

Saa ya pili ni ya kupwa na kujaa. Maji yakipwa, kila kilicho mtoni, kwenye mikoko na ardhini kinavutwa kuja ufukweni. Yakijaa, maji ya nje yanaingia na kusukuma uchafu nyuma. Kwa hiyo kwa usafi, saa mbili za mwisho za maji kujaa ndizo bora. Na bahati nzuri, kwenye fukwe zenye mwamba mbele, ndizo saa ambazo maji hayakimbilii nje kupitia milangoni. Kupwa ni kubaya mara mbili: kunaleta uchafu, kisha kunavuta.

Tahadhari moja. Siku za bamvua, mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hupanda hadi mchanga ambao kwa kawaida hauguswi, na huosha kila kilichokaa pale: mwani uliooza, takataka, na kinyesi cha mbwa na paka alichosema Nesi. Siku hizo idadi ya bakteria inaweza kupanda hata bila tone la mvua. Maji pia hukimbia zaidi kwa kuwa yana safari ndefu ya kwenda na kurudi. Siku za maji mafu, robo ya kwanza na robo ya mwisho ya mwezi, mwendo ni wa upole. Mwenye watoto wadogo na uhuru wa kuchagua siku, achague maji mafu.

Ghuba tulivu basi: kama hakuna kijito wala mtaro, kama mvua haijanyesha siku tatu, maji yanajaa na jua limepanda, nenda. Kama lipo bomba linalochungulia mchangani, hata likiwa kavu leo, geuza.

---

#8 Mpiga_Kasia

Kwenye uchafu sina la kuongeza, ila mkondo niachieni.

Watu hufikiri mkondo unaonekana kama fujo. Ni kinyume. Mawimbi yanaleta maji ufukweni, maji hayo lazima yarudi, na hurudi kupitia njia yenye kina zaidi. Kwa kuwa pale pana kina, mawimbi hayapasuki. Ukisimama juu ya mchanga unaona povu jeupe kushoto, povu jeupe kulia, na katikati kipande kimetulia, rangi imekoza kidogo, labda povu chakavu na mchanga vinaelea kuelekea nje. Mgeni anakichagua hicho hicho kwa sababu kinaonekana kizuri kuogelea. Kaa dakika kumi juu, mahali palipoinuka, utazame kabla ya kuvua shati. Kwenye fukwe za mawimbi mikondo hii mara nyingi hukaza maji yakiwa yamepwa.

Kasi yake si ya kushindana nayo. Imewahi kupimwa ikifika mita 2.5 kwa sekunde, na hiyo inazidi hata wastani wa bingwa wa dunia wa mita 50. Ya kawaida ni ndogo kuliko hapo, lakini inatosha kumchosha mtu yeyote anayeogelea kurudi moja kwa moja ufukweni. Mkondo haukuvuti chini, unakupeleka nje. Kinachoua ni kuchoka na kuhangaika.

Kwenye mwamba mambo ni tofauti kidogo. Mawimbi yanaruka juu ya mwamba na kujaza wangwa, yaani eneo lililo kati ya mwamba na mchanga, kisha maji yote yale yanatafuta mlango mmoja. Karibu na mlango, hata kama mawimbi hayapo, utaona majani ya baharini chini yamelala yote upande mmoja. Ukiyaona hivyo, upo barabarani.

---

#9 Kijana_wa_Bara

Tulifundishwa ukinaswa ogelea kwa upande, sambamba na ufukwe, ndiyo utoke. Bado ndivyo?

---

#10 Mpiga_Kasia

Ni ushauri wa miaka mingi na bado una kazi, ila si kanuni ya kila mara. Watafiti walitupa maboya yenye GPS kwenye mikondo ya fukwe kadhaa, matokeo yakatoka kama mwaka 2010, na mengi ya maboya hayakwenda mbali baharini. Yalizunguka ndani ya eneo la mawimbi na kurudi yenyewe karibu na mchanga. Shida ya kuogelea kwa upande ni kwamba ukichagua upande usiofaa, unapigana na mzunguko huo huo.

Shida ya kungoja kurudishwa ni kwamba mikondo mingine haizunguki, inakutoa moja kwa moja. Mlango wa mwamba maji yakipwa ni wa aina hiyo.

Kwa hiyo mimi nafundisha hivi: kwanza elea. Lala chali, pumua, inua mkono kuita. Ukishatulia, tazama mawimbi yanapasuka wapi, maana panapopasuka pana kina kifupi na maji yanaelekea ufukweni. Elekea huko polepole. Ukiona huendi popote, jaribu upande wa pili au endelea kuelea. Asiyejua kuelea chali hajajua kuogelea, hata akimaliza bwawa mara ishirini.

---

#11 Bamvua

Hapo kwenye kuelea nakuunga mkono asilimia zote. Naongeza tu kwamba bwawa lina ukuta wa kushika na sakafu isiyobadilika.

---

#12 Kijana_wa_Bara

Mimi basi ni wa kiunoni. Siingii zaidi ya hapo. Nipo salama?

---

#13 Mpiga_Kasia

Salama kuliko wengine, ila kiuno kwenye mchanga wa bahari si kipimo cha kudumu. Kuna kingo za mchanga na mashimo katikati. Unaenda hatua moja, kiuno kinakuwa kidevu. Wimbi likija mchanga chini ya nyayo unaondoka. Tena fukwe zenye mteremko mkali, maji yakijaa, wimbi hupasuka juu ya mchanga wenyewe na kukubamiza kichwa chini. Hapo watu huvunja shingo kwenye maji ya magotini. Usiligeuzie mgongo wimbi, na usirukie kichwa kwanza mahali ambapo hukuona chini.

Na usiende peke yako. Mwenzako abaki amesimama nchi kavu akikutazama wewe, si simu.

---

#14 Nesi_Mstaafu

Hapo kwenye kutazama pana jambo linaloua kimya kimya. Tunangoja anayezama apige kelele na kupunga mikono. Anayezama kweli hawezi. Francesco Pia, aliyekuwa mwokoaji wa ufukweni New York, alilieleza vizuri miaka mingi iliyopita: mdomo unazama na kuibuka, hakuna nafasi ya kupumua na kupiga kelele kwa pamoja. Mikono inasukuma maji chini kwa pembeni, mwili umesimama wima, kichwa kimelala nyuma, macho hayakutazami. Inaweza kuchukua sekunde 20 hadi 60 tu. Ukimwita mtoto na hajibu, usiulize mara ya tatu.

Ukiwa nje usimrukie kama hukufunzwa. Mara nyingi wanaofuata kuokoa ndio wanaozama, na aliyeokolewa anakuta baba yake hayupo. Rusha chochote kinachoelea: boya, dumu tupu lililofungwa, ubao, mpira. Ita watu, nyoosha kamba au mti.

Akitolewa hapumui, usipoteze muda kumgeuza miguu juu kutoa maji tumboni. Aliyezama amekosa hewa, hivyo anza na kumpulizia pumzi, kisha kandamiza kifua mara 30, pumzi 2, endelea hivyo hadi msaada ufike. Hata akizinduka na kucheka, akiendelea kukohoa au kupumua kwa shida, hospitali siku hiyo hiyo.

---

#15 Mbishi_Halali

Na hivi viumbe? Yavuyavu likinichoma nakojoa juu, si ndiyo?

---

#16 Nesi_Mstaafu

Hapana. Mkojo haumsaidii mtu, na wala usimwagie maji ya bomba. Ngozi ikiwa na nyuzi za kiumbe, maji yasiyo na chumvi yanaweza kufyatua vichomeo vilivyobaki. Ondoa nyuzi taratibu, suuza kwa maji ya bahari. Siki inafaa kwa yale ya umbo la sanduku, ambayo ndiyo hatari kubwa, na kaskazini mwa Australia fukwe nyingi huweka chupa za siki msimu wa viumbe hao. Lakini kwa lile lenye puto la bluu linaloelea juu, siki ina ubishi, huko huko Australia wanashauri maji ya bahari kisha maji ya moto. Mtu akianza kubanwa kifua, kutapika au kuishiwa pumzi, acha mijadala ya siki na umkimbize.

Miiba ya nungu wa baharini, mwiba wa samaki taa na wa samaki anayejifanya jiwe: sumu zao hazipendi joto. Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto anayoweza kuvumilia, kama nyuzi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Mwingine apime joto kwa mkono wake, kwa kuwa mguu uliochomwa hauwezi kuhukumu. Vaa viatu vya majini kwenye mwamba, na kwenye mchanga buruta miguu badala ya kunyanyua, taa akisikia atajiondokea. Kombe zuri lenye umbo la pia usiliokote likiwa hai.

Jambo la mwisho, na hili linarudi kwenye mada ya Bamvua. Kuna bakteria wanaoitwa Vibrio. Hawatoki kwenye kinyesi, ni wenyeji wa maji ya vuguvugu, hasa pale mto unapochanganyika na bahari. Kwa hiyo kipimo cha enterokoki kinaweza kuwa kizuri na wao wapo. Mtu mzima mwenye afya na ngozi nzima kwa kawaida hapati shida. Mwenye ugonjwa wa ini, kisukari au kinga dhaifu, na ana kidonda kibichi, asiingie maji ya namna hiyo. Kidonda kikivimba haraka, maumivu yasiyolingana na ukubwa wake, malengelenge ya damu, ni dharura ya saa, si ya siku.

---

#17 Mwenye_Banda

Nimesoma kimya. Mimi nina nyumba ya wageni karibu na maji. Choo changu kina shimo zuri, limejengwa na fundi, halijawahi kufurika. Naona mnatulaumu tu.

---

#18 Bamvua

Mkuu, hakuna anayekulaumu, na umefanya vizuri kuuliza. Shimo lisilofurika linaweza kuwa linavuja vizuri mno. Pwani nyingi za joto zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na mwamba huo umejaa matundu. Miaka ya 1990, kwenye visiwa vya Florida Keys, watafiti walimwaga virusi visivyodhuru binadamu kwenye mifumo ya vyoo ili kuvifuatilia, na ndani ya siku moja hivi vilionekana kwenye maji ya nje. Ardhi ya namna hiyo haichuji, inapitisha.

Kipo kipimo cha bei ndogo: rangi maalumu ya kufuatilia maji, ya kijani inayong'aa, isiyodhuru. Mimina chooni, vuta maji, kisha maji yakianza kupwa tembea ukingoni na utazame mahali maji yanapochuruzika mchangani. Fanya kwa siku kadhaa. Ukiiona rangi umepata jibu. Usipoiona haimaanishi umepona kabisa, inaweza kuwa imefifia njiani. Waambie majirani na mamlaka kwanza, usije ukazua taharuki.

Na mgeni akikuuliza maji yako yamepimwa, usimwonyeshe karatasi moja. Sampuli mbili zilizochukuliwa mahali pamoja ndani ya saa ile ile zinaweza kutofautiana sana. Kinachosema kitu ni mfululizo wa msimu mzima, kiangazi na masika, na sampuli za baada ya mvua zikiwemo. Wapo wanaopima siku za jua tu. Karatasi hizo ni za mapambo.

Niongeze la haki: kwenye tropiki enterokoki wanaweza kuishi na kuzaana kwenye udongo wenyewe. Hawaii waligundua hilo zamani, mito yao ilikuwa inafeli hata pasipo maji taka, ndiyo maana wakaongeza kuangalia bakteria wa pili, Clostridium perfringens, kuthibitisha. Namba kubwa baada ya mvua si lazima iwe choo chako. Lakini kwa muogeleaji, mpaka ithibitishwe, ni choo.

---

#19 MamaWawili

Na bendera? Kuna fukwe nimeona za rangi mbalimbali.

---

#20 Mpiga_Kasia

Zinazotumika kimataifa: nyekundu juu na njano chini, eneo linalindwa, ogelea kati ya mbili hizo. Nyekundu tupu, hatari kubwa. Nyekundu mbili, maji yamefungwa. Zambarau, kuna viumbe wanaochoma. Nchi nyingine zina utaratibu wao, muulize mlinzi. Na pasipo bendera haimaanishi kwamba ni salama. Hakuna mtu wa kuzipandisha tu.

---

#21 Mbishi_Halali

Haya wakuu, mmenipata nusu. Nipimeni kwa mfano halisi. Mvua kubwa ilinyesha juzi usiku, leo jua kali. Kesho nataka kwenda na watoto wa dada. Ufukwe ni wazi kiasi, mwamba mbele, kuna kijito upande wa kaskazini. Maji yanajaa kabisa saa tano asubuhi. Twende au tusiende?

---

#22 Bamvua

Maji yana rangi gani leo karibu na kijito?

---

#23 Mbishi_Halali

Chai ya maziwa. Upande wa kusini yameanza kuwa ya kawaida.

---

#24 Bamvua

Sogezeni siku moja mbele kama mnaweza. Rangi hiyo inasema kijito bado kinamwaga, na kesho siku tatu zitakuwa bado hazijatimia. Keshokutwa maji yatajaa karibu saa tano na dakika hamsini, kwa hiyo fikeni saa nne, mkae kusini, mbali na kijito na mbali na mlango wa mwamba. Maji yakianza kupwa, tokeni mle. Kama lazima iwe kesho, watoto wacheze mchangani upande wa kusini, wasitie vichwa ndani ya maji, na mbebe dumu la maji safi na sabuni.

---

#25 Mpiga_Kasia

Na dumu likiisha maji msilitupe, fungeni kifuniko mliweke karibu na anayetazama. Mbishi, anayetazama ni wewe.

---

#26 Mbishi_Halali

Keshokutwa basi. Simu nitamwachia dada.